Daftari la Ndege Bondeni Luhira

Mtu akiuliza mjini Songea kama yangeyange wamepungua katika bonde la Mto Luhira, atajibiwa kwa kumbukumbu. Mzee atasema wamekwisha. Kijana atasema wako tele. Mwenye daftari ni nadra kupatikana. Nayo mabonde hayangoji. Mifereji ikichimbwa na matete yakifyekwa ili kupanda mpunga na mboga, ndege waliokuwa wakila humo huondoka, wala hapana ajuaye walikuwa wangapi.

Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ulioanza katika miaka ya 1980, uliigawa nchi katika miraba yenye upande wa nusu digrii, yaani kilomita 55 hivi. Taarifa zake nyingi zililetwa na watu wa kujitolea. Lakini watazamaji wa ndege aghalabu huelekea Arusha na Serengeti, na kusini hupata wageni wachache. Kwa hiyo kazi hii yawahusu wenyeji kwanza.

Bonde la Kilombero, kaskazini ya Mkoa wa Ruvuma, latoa funzo. Mnana wa Kilombero, ambaye hujenga viota vyake katika matete ya mtoni, aligunduliwa na wataalamu karibu na Ifakara mwaka 1986, akapewa jina la kisayansi, Ploceus burnieri, mwaka 1990. Bila shaka wavuvi na abiria wa kivuko walikuwa wamemwona maisha yao yote.

Husemwa kwamba shule hazina darubini. Ni kweli, na kwa ndege wadogo wa matete kikwazo hicho si kidogo. Hata hivyo yangeyange, korongo na bata wa mwitu huhesabika kwa macho matupu. Yatakiwa tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, na idadi. Mwanafunzi asiyemtambua ndege aandike kwamba hakumtambua. Jina la kubahatisha huharibu ukurasa mzima. Siku wasipoonekana, sifuri nayo iandikwe. Wapenda ndege wengi hulidharau jambo hili, wakakimbilia ndege adimu wa kujivunia, hali ziara ishirini za mahali pamoja, zenye sifuri zake, humfaa mtaalamu kuliko ndege mmoja wa ajabu.

Mwezi unaofaa kuanzia ni Januari. Tangu mwaka 1991 ndege wa majini huhesabiwa mwezi huo katika nchi nyingi za Afrika, wakati wahamaji kutoka Ulaya na Asia wangali huku. Shule nazo huwa zinafunguliwa.

Tatizo gumu zaidi ni la miaka. Kidato cha Nne huondoka, na aghalabu daftari huondoka nao. Heri likae maktabani chini ya mwalimu wa bayolojia, na wanaomaliza wawapeleke Kidato cha Pili mtoni mara mbili tatu, wawaonyeshe mahali penyewe pa kusimama.