Wachuuzi wa Kilio cha Wanyonge

Wako watu duniani ambao riziki yao ni kuosha majina ya wenye fedha. Hawalimi wala hawafui chuma. Bidhaa yao ni maneno, na mteja wao ni yeyote awezaye kulipa. Kazi hiyo hupewa jina la heshima, uhusiano na umma. Ofisa anayewatangazia wananchi siku ya chanjo naye hubeba jina hilo hilo, na nyuma ya mgongo wake ndipo wajanja hujificha. Katika historia ya kazi hiyo, kisa ambacho Mwafrika hapaswi kukisahau ni cha Bell Pottinger ya London, kampuni iliyoporomoka Septemba 2017 baada ya kubainika kwamba ililipwa kuchochea uhasama wa rangi Afrika Kusini.

Tumtazame kwanza mwenye duka. Tim Bell alijipatia sifa katika kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi, iliyosaidia kumwingiza Margaret Thatcher madarakani mwaka 1979. Mwaka 1994, Waafrika Kusini wa rangi zote walipopiga kura kwa mara ya kwanza, Bell alikuwa mshauri wa F. W. de Klerk, mshindani wa Nelson Mandela. Kampuni yake ilimhudumia Alexander Lukashenko wa Belarus mwaka 2008. Mwaka 2011 waandishi wa habari waliojifanya mawakala wa serikali ya Uzbekistan waliwarekodi wakubwa wa kampuni hiyo wakijigamba jinsi wanavyoweza kuwafikia viongozi wa Uingereza. Na mwaka 2016 ilifichuka kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliilipa kampuni hiyo zaidi ya dola milioni 500 kwa propaganda katika vita vya Iraq. Duka hilo halikuwa na itikadi. Lilikuwa na orodha ya bei.

Januari 2016, Bell alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi kwa ndugu watatu wa ukoo wa Gupta, Ajay, Atul na Rajesh, matajiri waliokuwa karibu mno na Rais Jacob Zuma. Wakati huo wananchi walikwisha kuanza kuhoji nani hasa anaendesha nchi. Desemba 2015 Waziri wa Fedha Nhlanhla Nene alikuwa ameondolewa ghafla. Na Machi 2016 naibu wake, Mcebisi Jonas, alieleza hadharani kwamba akina Gupta walimwahidi uwaziri huo kabla Nene hajaondolewa. Mabenki makubwa manne yakazifunga akaunti za makampuni yao. Akina Gupta walihitaji mtu wa kuwageuzia wananchi macho, nao wakampata. Kampuni yao ya Oakbay iliilipa Bell Pottinger pauni 100,000 kila mwezi.

Wachuuzi hao hawakujaribu kuwasifu akina Gupta, kwa kuwa wangechekwa. Walifanya jambo la hila zaidi. Walikwenda katika ghala la maneno ya wapigania uhuru, wakachota humo "ukiritimba wa mtaji wa wazungu" na "ubaguzi wa kiuchumi", wakayasambaza katika hotuba, makala na akaunti za bandia za mtandao wa Twitter. Aliyeuliza habari za zabuni za akina Gupta akaitwa kibaraka wa mabepari wa kizungu. Wahariri kama Ferial Haffajee na Peter Bruce waliandamwa kwa matusi na picha za kughushi. Mwizi alipiga yowe la "mwizi!" akajichanganya na umati unaomfukuza.

Ndugu msomaji, ubaya wa hila hiyo ni kwamba kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. Ukaguzi wa ardhi wa serikali ya Afrika Kusini wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wazungu walimiliki asilimia 72 ya mashamba yaliyo mikononi mwa watu binafsi. Hati ya Uhuru ya mwaka 1955 ilikwisha kudai kwamba madini, mabenki na viwanda vya ukiritimba viwe mali ya wananchi wote. Na hapa kwetu, katika mkutano wa ANC uliofanyika Morogoro mwaka 1969, wapiganaji walikubaliana kwamba uhuru usiorudisha utajiri wa nchi kwa wenyewe si uhuru kamili. Maneno hayo watu waliyalipia kwa vifungo, kwa uhamisho na kwa damu. Bell Pottinger ikayapangisha kama ukumbi wa harusi.

Hasara yake haijaisha. Leo maskini wa Soweto anapotaja mtaji wa wazungu, mnufaika wa dhuluma ya kale humjibu kwa kicheko kwamba msemo huo ulitungwa London. Huo ni uongo wa pili uliozaliwa na ule wa kwanza. Hivyo akina Gupta walipata kivuli cha kujifichia, na walioshika ardhi wakapata ngao mpya. Mnyonge peke yake ndiye aliyepoteza.

Watetezi wa biashara hiyo husema kila mtu anastahili mtetezi, kama mshtakiwa anavyostahili wakili. La hasha! Wakili husimama mbele ya hakimu, hulitaja jina la mteja wake, na upande wa pili hujibu. Mchuuzi wa maneno humficha mteja, hujivika sauti ya umma, na hasimami popote pa kuulizwa.

Wengine husema lilikuwa kosa la wafanyakazi wachache. Julai 2017 kampuni iliomba radhi, ikamfukuza mmoja na kuwasimamisha watatu. Bell naye, aliyekuwa amejitoa Agosti 2016, akawatupia wenzake lawama. Lakini mkataba uliendelea zaidi ya mwaka mzima, na fedha iliingia katika hazina ya kampuni, si katika mifuko ya wanne hao. Chama cha kazi hiyo Uingereza kiliifukuza Bell Pottinger kwa muda usiopungua miaka mitano; wateja wakaikimbia, na katika siku chache ikawekwa chini ya wafilisi. Adhabu hiyo ililifunga duka moja tu. Soko halikuguswa, wala hakuna aliyewarudishia Waafrika Kusini maneno yao.

Yatupasa basi tuyalinde yetu. Mtumishi wa serikali anayeletewa mezani kampeni iliyosukwa na washauri wa kukodiwa adai kuoneshwa mkataba na jina la mlipaji, kabla hajatia saini. Sheria nazo ziwalazimishe washauri hao kuyatangaza majina ya wateja wao. Mwalimu naye, anapofundisha historia ya ukombozi, asiishie kuwakaririsha wanafunzi maneno "ubeberu" na "unyonyaji". Awafundishe pia kumwuliza kila ayatamkaye: wewe unalipwa na nani, na ni shauri gani usilotaka tulizungumze leo? Anayesema kwa haki ya wanyonge hatakasirishwa na swali hilo, na wanyonge wa Afrika Kusini wangalistahili kuulizwa kwa niaba yao mapema zaidi.