Roboti ipime kitenge, ila sampuli nani anaikata?

Makamanda, leo tuongee nguo. Kanga mpya ambayo mama kambebea mtoto mgongoni, na mtoto ananyonya pindo lake njia nzima toka Mbagala mpaka Kariakoo. Sare ya shule. Kitenge cha sendoff. Na ndiyo, hata zile fulana za kampeni tunazogombania. Zote zina rangi, na rangi ni kemikali. Hivi umewahi kujiuliza nani kaipima?

Watu wetu wana kipimo chao: nguo ikichuja ni mbaya, isipochuja ni nzuri. Tusidanganyane. Hicho kinapima jinsi rangi ilivyoshika, sio usalama. Nguo inaweza kuchuja mpaka beseni zima likawa bluu na isiwe na sumu yoyote, na nyingine ikadumu na rangi yake miaka kumi huku imebeba kitu ambacho Ulaya hakipiti.

Kitu chenyewe ni baadhi ya rangi za azo. Azo ndilo kundi kubwa kuliko yote la rangi za viwandani; nyekundu, njano, chungwa na nyeusi nyingi zinatoka humo, na nyingi hazina shida. Shida ni zile ambazo zikivunjwa na bakteria wa ngozini au wa tumboni zinatoa amini kama benzidini na 2-naftilamini, ambazo sayansi imeshathibitisha kwamba zinasababisha saratani ya kibofu cha mkojo kwa binadamu. Na sio habari ya jana. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Walioumia kwanza walikuwa wafanyakazi, kama kawaida. Mvaaji anapata kidogo sana ukilinganisha na wao, na hatusemi kitenge kimoja kitakuua. Tunasema mtoto mwenye pindo mdomoni hakuulizwa, na hata muuza duka naye haoni chochote kwa macho.

Wenzetu waliliona hili zamani. Ujerumani iliweka katazo mwaka 1994, Umoja wa Ulaya ukalipitisha kwa wanachama wote mwaka 2002. Leo orodha yao ina amini 22 na kikomo ni miligramu 30 kwa kilo moja ya kitambaa. Miligramu 30 ni kama punje moja ya mchele. India ilipiga marufuku rangi 70 za azo mwaka 1997. China, kwa nguo zinazouzwa ndani ya China, kikomo ni miligramu 20, kikali kuliko cha Ulaya. Yaani hao hao wanaotushonea na kutuchapia vitambaa, kwao wamefunga mlango. Mzigo uliokataliwa mlango mmoja hautupwi baharini jamani, mwenye mzigo anatafuta mlango mwingine.

Sasa twende maabara, maana ndiko kazi inakokwama. Mashine ya mwisho inayosoma amini ni ya haraka. Kinachokula muda ni kuandaa sampuli. Mtaalamu anakata gramu 1 ya kitambaa, kipande cha kama kiganja, anakikatakata vipande vidogo na kukiweka kwenye chupa yenye bafa ya sitireti. Kinakaa nyuzi 70 kwa dakika 30. Halafu anaongeza haidrosalfaiti, ile ile poda wanayoitumia mama zetu wa batiki pamoja na kostiki soda. Kwenye batiki poda hii inaifungua rangi iingie kwenye uzi. Hapa inaivunja rangi itapike kilichomo. Dakika nyingine 30 kwa joto lile lile, kisha chupa ipozwe ndani ya dakika 2. Maji yanamwagwa kwenye mrija uliojaa unga wa udongo maalumu, yanasubiri dakika 15, yanasafishwa kwa etha, na etha inavukizwa mpaka ibaki kama mililita 1. Kitambaa cha polista kinahitaji hatua nyingine kabla ya zote hizo, kuichomoa rangi kwa kiyeyusho cha moto.

Jumlisha mwenyewe: ni zaidi ya saa nzima hata kabla hujaanza kuvukiza. Na kila hatua ina mtego. Poda iliyoyeyushwa mapema inapoteza nguvu. Ukivukiza mpaka pakakauka, baadhi ya amini zinaondoka na mvuke na kitenge chenye sumu kinatoka na cheti safi. Sampuli ya kwanza ya asubuhi na ya arobaini ya jioni, wakati mtu keshachoka na kichwa kinamuuma kwa harufu ya etha, hazipati huduma sawa.

Hapo ndipo mkono wa roboti unapoingia. Sio roboti ya sinema yenye macho mekundu. Ni mkono wenye sindano juu ya meza yenye matundu ya chupa. Wewe unakata kitambaa, unaweka kwenye chupa na kufunga. Mkono unaongeza bafa, unapasha, unaongeza poda iliyoyeyushwa, unatikisa, unapoza, unachomoa amini kwa etha na kuipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kusoma. Wakati chupa ya kwanza inasomwa, ya pili inapashwa, ya tatu inasubiri zamu. Inafanya kazi usiku. Kwa kuwa chupa ni ndogo, etha inayotumika ni kidogo na mtu haivuti. Na kila chupa inapata dakika zake zile zile, hakuna ya mchana wala ya jioni.

Najua mtakachosema kwenye komenti: tuna wahitimu wa kemia wanaendesha bodaboda, nyie mnatuletea roboti? Hoja ina uzito, ila angalieni kazi inayobaki. Mkono hauwezi kuamua ni rangi ipi ya kanga ikatwe. Hauwezi kujua kwamba amini iliyoonekana huenda imetoka kwenye plastiki ya poliuretani ya mchoro uliobandikwa kwenye fulana, na sio kwenye rangi yenyewe. Hilo linataka mkemia aliyesoma, mwenye muda wa kufikiri badala ya kutikisa chupa. Maabara inayopima mara kumi zaidi inahitaji wakaguzi wengi zaidi mitaani na bandarini. Tukinunua mashine bila kuajiri, hapo tutapiga kelele pamoja.

Lakini tatizo letu kubwa halitatuliwa na mashine yoyote. Roboti ni mwaminifu mno. Ukiipa kitambaa kilichobadilishwa getini itakipima kwa uangalifu wote na kutoa jibu sahihi kabisa, la mzigo mwingine. Mwenye nguvu ya kweli ni yule anayefungua kontena, anayechagua robota, anayekata kile kipande cha gramu 1 na kukifunga kwenye bahasha. Kama jina lake haliandikwi, kama nusu ya pili ya kipande haihifadhiwi ili mwingine apime upya, basi tumenunua mkono wa bei kali wa kupiga muhuri. Na ndiyo maana tahariri hii haisemi tu "nunueni mashine".

Tangu 2012 TBS ina utaratibu wa PVoC, bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka na mawakala kabla ya kupakiwa melini. Utaratibu ni mzuri kwenye karatasi. Mwaka 2009 hiyo hiyo TBS ilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu ya afya, na wamachinga wakakimbizwa nazo. Sawa. Ila mmachinga ni rahisi kumkimbiza kuliko mwenye makontena ishirini. Afya iliyolindwa dhidi ya sidiria iliyovaliwa ilindwe pia dhidi ya rangi ya kitenge kipya.

Na tusiwasahau kina mama wa batiki. Hao wanaichovya mikono kwenye rangi kila siku, wengi bila glavu, na rangi wanaipata imeshapimwa kwenye vifuko visivyo na jina. Yule Rehn wa 1895 angewatazama wao kwanza kabla ya wavaaji. Kopo la rangi lipimwe kabla ya kugawanywa kwenye vifuko, na kifuko kiandikwe jina la rangi na la mwenye kuileta. Hii haihitaji roboti hata moja.

Bunge la bajeti linaanza Aprili na Wizara ya Viwanda na Biashara itapanda jukwaani. Mwandikieni mbunge wenu, wa chama chochote, swali liwe moja na lenye namba: mwaka uliopita ni mizigo mingapi ya vitenge, kanga na sare iliyopimwa amini, mingapi ilifeli, na iliyofeli ilikwenda wapi?