Sahihi za Wakulima Si Sera

Vijana wa Kericho na Bomet, hasa nyinyi mliomaliza chuo juzi na mnatafuta pa kuanzia, leo nasema na nyinyi. Mkiona tangazo la uanagenzi wa "utetezi wa sera za kilimo endelevu na uhamasishaji wa wakulima," kabla hamjatuma barua ulizeni maswali mawili. Nitalipwa nini? Na mkulima akiniambia jambo, litafika wapi?

Nimeifanya kazi hiyo miezi mitatu, kwa shirika ambalo sitalitaja. Unabeba vijitabu na fomu, unapanda boda hadi kituo cha kukusanyia majani chai, unangoja wakulima walete magunia. Unawasomea habari za mboji na miti ya kiasili, wanatia sahihi, unapiga picha. Jioni picha zinaingia kwenye grupu ya WhatsApp. Nauli ya boda inatoka kwa mama yako. Mwisho wa mwezi ripoti inasema wakulima "wamefikiwa."

Wamefikiwa na nini?

Chukua mfano wa majivu. Kijitabu tulichopewa kiliandikiwa watu wa mahindi na sukuma wiki, na kinasema majivu ya jikoni ni mbolea ya bure. Kwa chai huo ni ushauri mbaya. Mchai unapenda udongo wenye asidi, na majivu yanaipunguza asidi hiyo. Uliza mama yeyote wa Bureti au Konoin mwenye chai ya siku nyingi. Atakuonyesha mahali palipokuwa na nyumba na jiko la zamani, jinsi michai ya hapo inavyodumaa hata ukiiwekea mbolea. Watafiti wa chai wa hapa Kericho wamelijua jambo hilo miaka mingi. Taasisi ya utafiti wa chai iko mlangoni petu, na bado tunatumwa na kijitabu cha mahindi!

Ama chukua matawi. Kila baada ya miaka michache michai hupogolewa, na sisi tunamwambia mkulima ayaache matawi shambani yaoze, yarutubishe udongo. Ushauri ni sawa kabisa. Lakini mkulima analijua hilo kutushinda. Anayabeba nyumbani kwa sababu ni kuni, na kuni zinauzwa. Viwanda vya chai navyo vinachoma kuni kukausha majani, kwa hivyo jiko la mama na tanuri la kiwanda vinagombania mti ule ule. Hapo mkulima hajakosa elimu, amekosa nishati ya bei nafuu. Hilo sasa ni jambo la sera, na hapo ndipo hilo neno "utetezi" lingepata kazi.

Tukija kwa bei, hapo ndipo tulifungwa mdomo kabisa. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwa viwanda vya KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Kwa muda sasa bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki, kule Murang'a na Kirinyaga. Ilipotangazwa ya 2025, watu wa huku waliandamana. Bonasi ndiyo karo, ndiyo deni dukani, ndiyo bati la nyumba. Kituoni kila mtu alitaka kuizungumzia, na sisi tumeagizwa tusiiguse kwa sababu ati ni siasa. Mtu anayefikiria kung'oa chai yake utamwambiaje apande mti wa kumfaa baada ya miaka ishirini? Kilimo hakiwi endelevu kama anayelima hawezi kuendelea.

Kuna watakaosema tofauti ya bonasi inatokana na ubora wa majani na bei ya mnada wa Mombasa. Sawa, ubora una sehemu yake. Basi mkulima aonyeshwe hesabu: chai ya kiwanda chake iliuzwa kwa bei gani, kiwanda kilitumia ngapi, mikopo ni ya nini. Sheria ya Chai ilitiwa sahihi Desemba 2020 na ikairudisha Bodi ya Chai ya Kenya, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mwanagenzi mmoja anayejua Kipsigis sawasawa, akikaa na wakulima wiki moja wakiipitia kifungu kwa kifungu, atakuwa amefanya kazi kuliko vijitabu elfu.

Na njia za kwenda mbele ziko. Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo, na kaunti zikapewa kilimo chenyewe huku mashinani. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwahusishe wananchi katika shughuli zake. Sahihi mia tatu kwenye fomu ya mahudhurio zinaishia kwa mfadhili. Sahihi hizo hizo zikiwa chini ya ombi, kuna mheshimiwa atalazimika kulisoma.

Halafu malipo. Kifungu cha 41 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki. Serikali yenyewe, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, huwapa wanagenzi wake posho kila mwezi. Wewe unayehubiri haki kwa mkulima unashindwaje kumpa kijana nauli? Usiniambie bajeti ni ndogo. Bajeti iliyopata fulana na ukumbi wa hoteli itapata pesa za boda.

Na hasara haimpati kijana peke yake. Kazi isiyolipa huchukuliwa na mtoto wa aliye nazo. Mtoto wa mchuma chai wa Konoin anaijua lugha, anakijua kituo, anajua kwa nini matawi yanabebwa, lakini hawezi kukaa miezi mitatu bila shilingi. Anabaki nyumbani, na mahali pake anakuja mgeni anayehitaji mkalimani kumsalimia mzee. Halafu tunashangaa kwa nini wakulima wanasinzia kwa semina.

Kwa hivyo mashirika, lipeni nauli na posho. Leteni ushauri wa chai kwa watu wa chai. Na mkulima akisema bei, andikeni bei.

Nawe ukiitwa usaili wiki ijayo, yaulize yale maswali mawili mapema, bila haya. Wakikukasirikia, umeshapata jibu.