Kununua sarafu ya mkimbizi kwa bei ya chuma ni wizi

Wapo wanaozunguka kwa familia zilizohama makwao wakitafuta sarafu za zamani. Mzee akifungua kitambaa, wanamwambia: "Hii haitumiki tena, ni chuma tu." Uongo! Franga 50 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1944, yenye picha ya tembo, nusu yake ni madini ya feza. Franga 2 ya 1943, yenye pembe sita, inatafutwa na wakusanyaji.

Mpenda sarafu wa kweli anamwambia kwanza mwenye mali thamani yake, kisha wanapatana bei. Anayejua akanyamaza anamnyang'anya mtu aliyekwisha kunyang'anywa.

Wazazi, msizisugue, kusugua kunashusha bei. Msiuze siku ileile. Ulizeni kwanza watu wawili, watatu.