Moyo Hupenda Kazi

Mara nyingi twasikia mtu akisema: «Sasa nimepata kazi ya kuketi, moyo wangu utapumzika.» Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini si kweli. Natuchunguze sababu yake.

Moyo ni msuli, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Mtu mzima akitulia, hupiga kadiri ya mara 70 kwa dakika na kusukuma litri 5 hivi za damu. Akipanda kilima kwa haraka, misuli hudai damu zaidi: mishipa iliyomo hupanuka, na moyo waweza kusukuma litri 15 hata 20 kwa dakika. Miguu nayo husaidia. Kila hatua huibana mishipa irudishayo damu juu, na vilango vidogo vilivyo ndani yake huizuia isishuke tena.

Mkono wa mhunzi hupata nguvu kwa nyundo. Moyo nao hupata nguvu kwa mwendo. Moyo uliozoezwa hutoa damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Fanyeni hesabu: mapigo 70 kwa dakika ni 100,800 kwa siku, mapigo 60 ni 86,400. Basi, aupumzishaye moyo wake ni yule atembeaye, wala si yule aketiye.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili mjini London. Dereva aliketi siku nzima. Mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi. Basi lilikuwa moja na njia moja. Hata hivyo, wakata tikiti walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, haukuwa mkali vile. Mwaka 1956 Morris mwenyewe alionyesha kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu ujana, hivyo kuketi hakukuwa sababu pekee. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha faida ya mwendo.

Enyi akina baba, sikilizeni vema. Msukumo wa damu uliozidi hauumi wala haubishi hodi. Siku moja humwangusha mtu, akapooza upande mmoja. Hapo ni nani atakayelipa karo ya watoto? Kutembea husaidia kuushusha. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Basi usimwachie mama peke yake jembe na maji, nawe ukipanda pikipiki hata kwa safari fupi.

Mwanzo uwe wa polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye maumivu ya kifua, au akosaye pumzi kwa kazi ndogo, amwone mganga kwanza.

Nanyi wanafunzi, hesabuni mapigo ya kifundo cha mkono kwa dakika moja mkiwa mmeketi. Kimbieni kuzunguka uwanja, kisha hesabuni tena, na mwangalie yanachukua dakika ngapi kutulia. Rudieni baada ya miezi miwili ya mazoezi, na mlinganishe hesabu zenu.