Vitu vya kuchezea watoto visilale stoo ya mahindi



Kila baada ya mavuno hapa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, mahindi hupukuchuliwa, huchanganywa na dawa ya vumbi ya kuzuia dumuzi na fukusi, kisha magunia hupangwa stoo. Juu ya magunia hayo mara nyingi hutupwa pia mfuko wa vitu vya kuchezea watoto: midoli ya mitumba, magari ya waya, vizibo vya drafti. Akizaliwa mtoto mwingine, mfuko hushushwa, hukung'utwa mara mbili tatu, naye hupewa mdoli. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuutia mdomoni.

Kosa hili ni letu wazazi. Dawa ya dumuzi ni sumu. Panya nao hukojoa humo humo, na mkojo wao unaweza kuleta maradhi, ikiwemo homa ya Mgunda iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Allah (s.w.) ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, vipi tuwatie watoto wetu?

Wapo watakaosema midoli ni upuuzi, haistahili kuhangaikiwa. Tukumbuke hadithi iliyopokelewa na Abu Daud: Bi Aisha (r.a.) aliviweka vitu vyake vya kuchezea mahali maalumu, nyuma ya pazia. Upepo ulipolifunua, Mtume (s.a.w.) aliviona, akiwemo farasi wa matambara mwenye mbawa mbili. Akauliza, akajibiwa, akacheka. Hakuvitupa. Basi katika nyumba ile vitu vya kuchezea vilikuwa na mahali pake.

Nasi tufanye hivyo kabla dawa haijaingia stoo. Vya plastiki vioshwe kwa maji na sabuni, visuuzwe, vianikwe. Vya waya vifutwe vikauke visishike kutu. Bao na drafti za mbao zisilowekwe. Zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, zikaushwe kivulini. Midoli ya kitambaa ifuliwe wakati wa kiangazi, ianikwe juani hadi pamba ya ndani ikauke, kwani mvua za Novemba hadi Aprili huiachia ukungu. Betri zitolewe, hasa zile ndogo za duara. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Kisha vyote viwekwe katika ndoo au sanduku lenye mfuniko, chumbani, juu ya sakafu.

Vilivyokwisha kuingia vumbi la dawa visikung'utwe ndani ya nyumba. Vya plastiki vioshewe nje kwa glavu, mbali na vyombo vya chakula. Vya kitambaa vitupwe. Makopo ya dawa yasigeuzwe magari ya watoto. Mtoto akitapika, akitokwa na mate na jasho jingi au akipumua kwa shida, akimbizwe hospitali, na pakiti ya dawa ichukuliwe ili daktari aione.

Mwisho, tusitoe sadaka ya midoli michafu au iliyovunjika kwa mayatima na majirani. Qur'an imetuonya tusitoe kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea. Kama hutompa mwanao, usimpe wa mwenzio.

Allah atuwezeshe kuzilinda amana hizi alizotupa. Amin.