Mwasisi, Studio na Mwandishi Aliyesahauliwa

Wahakiki wa sanaa za televisheni wamezoea kutusimulia kwamba Star Trek ni zao la mtu mmoja, Gene Roddenberry, na kwamba kila dosari iliyomo ilitiwa na mabwana wa fedha. Makala hii inaipinga kauli hiyo.

Ni kweli kwamba mabwana hao waliingilia. Shirika la NBC lilikikataa kipindi cha kwanza cha majaribio, likaagiza cha pili. Na mwaka 1968 likauhamishia mfululizo huo Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana walioupenda hawakuwa nyumbani. Mwaka 1969 ulikomeshwa. Lakini anayemkodolea macho mwenye shamba peke yake hamwoni nyapara.

Waklingoni, maadui mashuhuri wa mfululizo huo, waliletwa na Gene L. Coon mwaka 1967. Mwaka huohuo mswada wa Harlan Ellison, "The City on the Edge of Forever", uliandikwa upya na Coon, D. C. Fontana na Roddenberry, kisha ukaonyeshwa kwa jina la Ellison. Hata hivyo, ni mswada wake wa awali uliotuzwa na Chama cha Waandishi wa Marekani.

Ushahidi mzito zaidi ni wa muziki wa ufunguzi. Aliyeutunga ni Alexander Courage. Roddenberry aliutilia maneno ambayo hayakuimbwa kamwe katika kipindi, na kwa kifungu cha mkataba akajipatia nusu ya mrabaha. Je, hapo tuilaumu studio?

Yamkini mtu atajibu kwamba Roland Barthes alikwisha kutangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Katika nadharia, naam. Katika mkataba mwandishi yu hai, na anapokea mrabaha. Mhakiki anayemzika mwandishi darasani, kisha akaandika "Star Trek ya Roddenberry", amewazika waajiriwa tu.

Hatusemi kwamba Roddenberry hakubuni kitu. Wazo la awali lilikuwa lake. Tunachodai ni kwamba "mwasisi" ni cheo cha kisheria, wala si hukumu ya kihakiki. Hatuna budi kuisoma miswada yenyewe, rasimu kwa rasimu. Bila hivyo, mhakiki ni karani wa studio ileile anayodai kuishutumu.